Ndege za Karto Juu ya Sabuni

...imeteleza tena, ile ndege ya Esdras, nimeiona mimi, pensi ya nguo yenye inaibana imeshuka polepole ku kile chuma ya gurudumu ya baiskeli, sawa konokono anashuka ku muti ya kahawa, na ndege imeshuka nayo, ilikuwa ku mustari ya ine, sasa iko ku mustari ya tatu, na batoto yangu babili habajaona kitu, bataona namna gani, bamesimama ku meza, bameiangalia kutoka juu, kama bantu bananyemelea samaki mu maji, na ukiangalia kutoka juu ndege iko kikarto tu, bapa, mupana sawa jani ya muhogo, ile ya chini na ile ya juu zinafanana, hauwezi kujua gani iko karibu na mawingu na gani iko karibu na majani, ni mimi njo niko chini, mimi niko ku mukeka, goti yangu imekataa kiti, na kutoka chini naona yote, naona matumbo ya zile ndege na maandishi ya karto ya sabuni yenye sijui kusoma, naona chuma, naona mistari myekundu yenye Adelaïde, muke ya Grégoire, alipaka na rangi yake ya kucha, naona pensi imeteleza... na juu ya nini isiteleze, kila chuma bameisimamisha mu kipande ya sabuni ya Mama Kyakimwa, mwenye boutique hii, vidole vyao viko na sabuni tangu asubui, kila kitu chenye banagusa kinateleza... na Grégoire ananyanyua ya kwake, mukono yake iko hewani, juu ya meza, juu ya kichwa yangu, anataka kuiweka nyuma ya ile ya mudogo yake, na akiiweka atasema ine, na Esdras, mwenye anafikiri ya kwake ingali ine, atasema ine, na itakuwa imekwisha, ndege ya mwisho ya Esdras imekufa, Grégoire ameshinda, tunabaki huku Mweso, hatukimbii... tunabaki, Mungu Baba, si njo nimeomba tangu asubui, nimeomba na midomo imefungwa, tubaki, nisitoke tena mu mvua na goti hii, tubaki hapa mu depo ya boutique na harufu ya makayabo, samaki ya chumvi, basi weka, mutoto yangu, weka, unangoja nini... "Tulia," Esdras anasema, ameinua kidole, "inarudi," na kweli inarudi, kile kitu ya juu, kinalia kama nzi mu kopo, banasema hakina muntu ndani, muntu yake iko mbali, amekaa ku kiti yake anaangalia, anatuona kutoka juu sawa na hawa babili banaona meza, manyumba yetu bapa, vichwa yetu bapa, atajua namna gani huyu mwenye iko juu na huyu mwenye iko chini... na sisi bote tunanyamaza kama kina masikio, ata Adelaïde amefunika sufuria ya maharagi juu isitoe sauti, mukono ya Grégoire imebaki vile, hewani, na ndege yake ya karto ku vidole, na yeye mwenyewe anaangalia mabati...

...na yule Stéphane njo alileta hii mambo ya ndege, mutoto ya Mama Kyakimwa, siku alirudi Butembo aliacha mufuko yake yote hapa, mukasi, gundi, nguo ya meza yenye amechora miraba na kalamu, alibafundisha hawa babili wakati ile barabara ya Kitshanga ilifungwa na bantu bazima walikosa kazi ya kufanya na mikono yao, ndege ni karto, chuma ni mbingu, mistari ni urefu ya mbingu, ndege mbili zinapigana kama ziko ku mustari moja, kama haziko ku mustari moja risasi inapita bure, njo sheria yote, ata mimi mwenye sikukanyaga mulango ya masomo niliielewa kabla ya maharagi kuiva, na Stéphane alikuwaka anasema, kila mara, "Bakubwa, muiname! Muiname muangalie ku mbavu, macho sawa na meza, kutoka juu itabadanganya," na yeye alikuwa anainama, anapiga magoti hapa, goti yake inagusa mukeka yangu, anacheka, "Pardon, Tate," anaita muzee vile, na juu yeye iko mutoto ya bantu ya Butembo, magoti yake haina ugomvi, lakini hawa ya kwangu habainami, habakuinama ata siku moja, banacheza kwa kukumbuka, banasema mimi niko mbili, mimi niko ine, banasimama kama miti, na Adelaïde anabachekaka, "Kaangalieni majenerali, shingo imekauka kama makayabo," hajui, ao anajua na anafanya kama hajui, mukeka yangu iko hapa ku muguu ya meza, nafasi ingine haiko, huku magunia ya chumvi, huku makasiye ya chupa, mwenye atainama kuangalia ndege goti yake itagusa mukeka, na goti ya mutoto yangu ikigusa mukeka yangu wakati ugomvi yake iko kwangu, maana yake iko moja tu, anaiomba irudi...

...juu mimi njo naweka ugomvi ya nyumba hii, kama mama yangu aliweka, kama mama yake aliweka kule mulimani, bandugu babili bakigombana na maneno ikikosa mwisho banakuya kwa mama mukubwa ya nyumba, anachukua kamba ya ngozi ya mugomba, anafunga fundo, basi, imekwisha, tangu ile saa ugomvi haiko yao tena, iko yangu, naivaa hapa ku kiuno ndani ya kitenge, babo banaweza kusalimiana, banaweza kulima mustari moja ya maharagi, banaweza kubeba musiba pamoja, lakini neno kubwa, neno ya shamba, neno ya kuoa, neno ya kuhama, habasemezani uso kwa uso mupaka mumoja apige magoti ku mukeka aseme mama nirudishie, na mimi, kitu chenye najua juu ya ile neno siseme, sipendelee, nikae nayo, njo kazi, nimezikaa nazo nyingi, mafundo yangu nayajua kwa vidole kama bantu bengine banajua rozari, hii ndogo ni Emérita na wifi yake juu ya sufuria ya kuazima, imekauka, benyewe bamekufa bote babili, hii ni mudogo yangu na bwana yake wa kwanza, hii ni mipaka ya shamba na bantu ya Papa Camille, hii ya mbegu ya viazi, na hii, hii kubwa, hii mpya, fundo juu ya fundo, vidole yangu vinaipita haraka kama unapita mbele ya nyumba ya mugonjwa, hii ni Grégoire na Esdras juu ya Déo, bwana yangu, baba yao...

...na leo asubui bantu ya avenue ya chini bamepita na magodoro ku kichwa, na neno ya kuhama imeingia mu nyumba, nani ataisema, Esdras anataka tuende Itebero, kwa bantu ya mama mukubwa yake, pori yote ile, matope yote ile, anasema hapa patawaka, Grégoire anasema tubaki, na habawezi kuambiana, banazunguka kama kuku mbili mu tenga moja, "Adelaïde, uliza bwana yako kama anangoja mabati ituangukie," "Adelaïde, uliza shemeji yako njia yenye anasema iko na kiti ya kukalisha mama," mupaka Adelaïde alitupa muiko mu sufuria, "Mimi siko telefone! Chukueni ndege zenu, muchezee ile safari, mwenye atashinda tutamufuata, na mukichelewa maharagi itaungua," alisema kwa mizaha, mwanamuke yule mizaha yake iko kama pilipili, lakini babili baliangaliana, mara ya kwanza tangu tukimbie kwetu Nyamitaba baliangaliana, na balivuta meza, hapa, juu ya kichwa yangu, na habakuniuliza... ata mumoja... na tangu pale banaongea kwa vinywa vya karto, "Rubani yangu anasema," Esdras anasukuma ndege, "kule chini anaona moto, anarudi pori," na Grégoire, "Rubani yangu anajibu, yeye iko na mugonjwa ndani, hawezi kuruka na mugonjwa kama gunia," "Rubani yangu anasema, gunia inafika, mwenye anabakia hafiki," "Rubani yako ana kinywa kubwa kuliko mabawa," na Mama Kyakimwa kupitia mulango ya boutique, rozari mukononi, "Eh bakomanda, vita yenu inanikulia sabuni! Mungu akitutoa hapa mutakuya kunifulia mapazia yote," na tulicheka, mimi pia nilicheka, na nikicheka goti inauma, na nilikuwa nacheka chini ya meza yenye banachezea mugongo yangu, ibebwe ao ibaki...

...mugonjwa, ni mimi, gunia, ni mimi, najua, habasemi mama, banasema mugonjwa, nilijua tangu jana Esdras alirudi na zile bambu mbili, ndefu, mbichi, zingali na maji, alizilaza hapa ku ukuta, nyuma ya mukeka yangu, nikamuuliza, "Za nini?" "Za kuni, Mama," kuni gani, nani anapika na bambu mbichi, bambu mbili za urefu moja, zimekwanguliwa vizuri zisiumize bega ya mubebaji, mimi mutoto ya nani nisijue kipoyi, kitanda ya kubebea mugonjwa, nilibebwa ku kipoyi siku ya kuzaa huyu huyu Esdras, alikuya muguu mbele, akili yake ingali vile, na kamba nimeiona pia, ameificha chini ya gunia, kamba ya nailo ya bluu, safari hii atafunga, hataomba, njo anataka kushinda, ashinde kitu chenye alishindwa ku Nyamitaba, na Grégoire anataka tubaki juu asinione nimefungwa, ao juu asiniache, moja ya zile, na yeye pia anacheza ile siku, banacheza Déo, Mungu wangu, ile meza si Mweso na Itebero, ile meza ni uwanja wetu wa Nyamitaba, miraba yote ile, na kipoyi katikati... nimezipa bambu mugongo tangu jana, sikuzigusa, nilisema moyoni hapana, hapana, kichwa yangu ilikuwa inatingishika yenyewe gizani kama kichwa ya... kama kichwa ya Déo...

...bado inalia, kile kitu, imezunguka inaenda upande wa hospitali, inarudi, "Usitingishike," Adelaïde anasema polepole, anaambia nani, sufuria ao sisi, mukono ya Grégoire imechoka, naona musuli yake inaruka, jasho inashuka ku kiwiko, inataka kuniangukia, weka mukono chini, mutoto yangu, hakuna mwenye atakupiga juu umepumzisha mukono, lakini ataweka wapi, akiiweka ni kuweka, imewekwa, tunabaki, na mimi niko na ile pensi mu jicho kama mchanga, tatu, iko tatu, Esdras hajakufa, wala Grégoire hajashinda, nikisema tatu, risasi inapita bure na zamu ni ya Esdras, na Esdras kutoka tatu anaweza kuingia chini ya tumbo ya mukubwa yake, nimeona anavyofanyaka, na tutaenda, kamba ya bluu, na nikinyamaza tunabaki, na hii nzi ya juu inabaki nasi, ile nyumba ya Papa Camille yenye kilizunguka vile ilibaki namna gani, ilibaki shimo, na kuku moja inazunguka shimo... niseme tuende, ninyamaze tubaki, yote mbili iko mu kinywa yangu na kinywa yangu iko na sheria, mwenye kuweka ugomvi haseme mupaka goti iguse, na magoti yao imesimama hapa mbele ya macho yangu, magoti nne, suruali ya Grégoire imepasuka pale nilishona, miguu minne ya meza na miguu minne ya bantu, niko ndani kama mbuzi mu uzio, sina pa kupita...

...Grégoire alisema hivyo kule Nyamitaba, mbuzi, "Baba hafungwi kama mbuzi ya soko," mvua ilikuwa kama hii, nyembamba, mizinga ilikuwa inapiga kule juu mu malisho ya ng'ombe, Déo amekaa ku jiwe ya mulango, muguu yake imevimba sawa shina ya mugomba, na kipoyi chini mbele yake, Esdras na kamba, "Papa, panda," na Déo na kichwa, hapana, "Papa, nakuomba kama Mungu," hapana, kichwa, huku, huku, "Niachie nyumba yangu, nilizaliwa hapa kabla ya hawa bantu na bunduki," na Esdras akasogea na kamba, na Grégoire akamushika kifua, pale pale, mvua, batoto ya jirani banalia, "Amesema hapana! Ukubwa wake njo alibaki nao, ile pia unataka kumunyang'anya?" na Déo akaniambia, "Enda na batoto, mama Grégoire," hakuniita na jina, aliniitaka na jina wakati tuko babili tu... tulienda, na Hélène mwenye shamba ya upande njo alituma habari kisha, obus, bomu ya mizinga, ilipiga ukuta ya jikoni, bamemuzika chini ya muti ya avoka, na tangu ile siku Esdras anasema heshima yako njo iliua papa, na Grégoire anasema papa alikufa muntu, hakukufa muzigo, na balipigana mu njia, mu matope, mbele ya bantu ya Mweso bale hatukuwajua, mupaka nikachukua kamba ya mugomba, nikafunga, nikafunga tena, niliivuta na meno, basi, mukae kimya, iko yangu... na balikaa kimya, nilifikiri ni amani, nilifurahi kidogo, nilisema kazi yangu ingali inafanya kazi...

...lakini mimi nilikuwa wapi, wakati kichwa ya Déo inasema hapana, babo balisimama, mumoja huku mumoja huku, baliona kichwa, kutoka juu unaona kichwa tu, na mimi nilikuwa chini, nilikuwa chini kama sasa, napiga magoti mu matope nafunga ile muguu na kipande ya kitenge, macho yangu yalikuwa hapa, usawa wa goti, usawa wa... mukono, mukono yake, subiri, usikimbie, mukono yake ya kuume ilikuwa wapi, haikuwa ku jiwe, haikuwa ku goti, ilikuwa... ilikuwa ku bambu, ilishika bambu ya kipoyi, kichwa inasema hapana na mukono imeshika, imeshika vile unashika tawi mu maji ya muto, vidole vimekuwa vyeupe ku viungo, na mimi nilifikiri ni maumivu, nilifikiri anajishikilia asianguke juu nimekaza kitambaa, na wakati Grégoire alisema tuchukue kipoyi tubebee maharagi, ni mimi, mikono hii, nilimutoa vidole, kimoja, kingine, polepole, nilisema, "Achilia, baba, banataka kubeba," na kile kidole kidogo njo kilikataa mwisho, kilirudi, nilikitoa mara mbili...

...ah...

...mukubwa anakataa kwanza, kwetu nani hajui, unamupa mukubwa nyama anasema nimeshiba, unamupa kiti anasema nasimama, ni heshima, unamuomba tena, unamuomba mara ingine, njo anapokea, anapokea kama anakusaidia wewe, Déo alikuwa anangoja kuombwa, alikuwa mukubwa, atasema namna gani ndiyo mara ya kwanza mbele ya mizinga kama mutoto anaogopa, na Esdras aliomba na kamba mukononi, ile si kuomba, na Grégoire alisikia hapana ya kwanza akaifanya sheria, babili babili hakuna mwenye aliinama, na mimi mwenye nilikuwa nimeinama niliona mukono na sikuiona, nimeiona leo, nimeiona mu pensi ya nguo, Mungu unacheka na nani, kikarto cha sabuni njo kimenionyesha bwana yangu... kutoka juu yote ni bapa, hapana ni hapana, lazima uiname ujue iko urefu gani, hapana ya juu na hapana ya chini zinafanana, na ile ya Déo ilikuwa chini kabisa, chini, ilikuwa ku ndiyo...

...na hii fundo basi nimeweka nini, nimeweka ugomvi yenye haina kitu ndani, banagombana juu ya ndiyo na hapana ya muntu mwenye hakusema yote mbili, na kitu chenye kingebakata mudomo kiko kwangu, kilikuwa kwangu ile wakati yote chini ya kitenge, na sheria inasema ningoje goti, na babo banaogopa goti, na kwa kuogopa goti habawezi kuinama kuangalia ata ndege, banacheza vipofu, wataamua maisha ya hii nyumba kwa mustari yenye imeteleza, na ni mimi nimebafunga, si barabara, si kile kitu ya juu, mimi na kamba yangu, kama hawangekuwa na fundo kwangu asubui hii bangepiga kelele, Grégoire angesema siwezi kuacha muzazi mara ya pili, Esdras angesema siwezi kuzika muzazi mwingine chini ya muti, bangetupa viti, Adelaïde angebamwagia maji, na kisha mumoja angenigeukia aniulize, Mama, na wewe... na ningesema nini, ningesema hapana, nimezeeka, ningesema hapana, muniache, goti yangu, Mama Kyakimwa atanichunga, kichwa yangu ingeenda huku, huku, na Grégoire angesikia, yule mutoto anasikia sana, anasikia vibaya...

..."Imeenda?" Adelaïde anauliza, "Bado," Esdras anasema, "iko juu ya kilima," na Grégoire anasema, haangalii mudogo yake, anaangalia karto yake, "Rubani yangu mukono inamuuma," na Esdras, macho ku mabati, "Rubani yangu anamuambia apumzike, hatamupiga," na hakuna mwenye anacheka, na Grégoire hapumzishi, mukono iko pale, hewani, na mimi vidole yangu viko mu kitenge, vimeingia vyenyewe, vimepita Emérita, vimepita mipaka, vimepita mbegu, viko ku ile kubwa, na habakupiga magoti, mama yangu angenipiga kofi, mwenye kuweka hafungue mwenyewe, ugomvi yenye haijaombwa ikirudi inarudi na meno, basi irudi na meno, ibaume, bantu bakubwa, balishaumwa na bingine, naweka mate ku kidole, nalowesha fundo, ngozi ya mugomba ikilowa inakuwa laini sawa mutoto, nasukuma na ukucha, ya juu inatoka, ya chini imekaza, niliikaza na meno mimi nitaitoa na meno, nainama, nafanya kama nakohoa, ladha yake iko ladha ya moshi ya nyumba yetu, ingali, moshi ya Nyamitaba, navuta, inakataa, kile kidogo, cha mwisho, kinarudi... navuta tena, polepole, achilia, baba, achilia... na inatoka, imetoka, kamba iko kamba tu, imepindika pale fundo ilikuwa kama nyoka mwenye ameota jua, hakuna ngurumo, hakuna kitu kimeanguka, magoti nne pale pale, nyuzi yangu ile ile ku suruali, kile kitu kinalia, pensi iko ku tatu, na mukono yangu ingine iko wapi, ya kuume, hii ya kushoto iko na kamba, ya kuume naitafuta, haiko ku goti, haiko ku mukeka, iko nyuma yangu, ku ukuta, imeshika, tangu saa gani, imeshika bambu, ile mbichi, baridi, ina maji, vidole vyangu vimekuwa vyeupe ku viungo kama vya muntu mu muto, na kichwa yangu, naisikia, kichwa yangu ingali inasema hapana, huku, huku, yenyewe, na hakuna mwenye anaangalia chini, Grégoire mukono hewani, Esdras kidole hewani, vichwa vyao ku mabati, na mimi nafungua kinywa, neno iko ku ulimi, si ndiyo, si hapana, ni neno ya Stéphane, ni neno ndogo, batoto yangu, muiname, muiname muangalie huku